Romanée-Conti: ekari nne na nusu ambazo warithi hawakuzikata

Nje kidogo ya kijiji cha Vosne-Romanée, katika eneo la Bourgogne mashariki mwa Ufaransa, kuna ukuta mfupi wa mawe na msalaba wa mawe umesimama hapo. Upande wa pili wa ukuta ni mizabibu, safu baada ya safu. Kibao kinawaeleza wapita njia kwamba wenye shamba wanaelewa kwa nini watu wengi wanakuja kuliona, ila wanaomba kila mgeni abaki barabarani asiingie ndani. Shamba lenyewe lina hekta 1.81, yaani ekari nne na nusu hivi. Ni kama viwanja viwili na nusu vya mpira wa miguu. Hilo ndilo Romanée-Conti, na Oktoba 2018 chupa moja ya divai yake, ya mavuno ya 1945, iliuzwa kwenye mnada mjini New York kwa dola 558,000.

Bei hiyo ndiyo inayosimuliwa kila mara, lakini kwangu kuna jambo la ajabu kuliko bei. Ukoo mmoja umelishika shamba hili, zima au nusu yake, tangu 1869, katika nchi ambayo sheria humkatia kila mtoto fungu lake la urithi, na bado halijakatwa vipande. Huhitaji kuonja hata tone la divai ili ushangae. Yeyote aliyewahi kukaa kikao cha ukoo siku shamba la babu linapopimwa kwa kamba anajua kwamba vizazi vitano au sita bila mgawanyo si kitu cha kawaida.

Ili kuelewa limenusurikaje, tuanze na jina, maana Bourgogne jina ni la udongo.

Kule kila kipande cha ardhi kilichojulikana tangu zamani kina jina lake, mpaka wake na hadhi yake. Wenyeji hukiita klima, na hapo neno hilo halihusiani na hali ya hewa. Maana yake ni kipande fulani cha mteremko chenye udongo wake, mwelekeo wake wa jua na historia yake. Mwaka 2015 UNESCO iliingiza klima 1,247 za Bourgogne kwenye orodha ya urithi wa dunia. Romanée-Conti ni moja tu kati ya hizo. Juu yake kidogo kwenye mteremko ipo La Romanée, yenye hekta 0.85 tu. Kaskazini yake ni Richebourg, kusini ni ukanda mwembamba wa La Grande Rue, na ukiuvuka ukanda huo uko La Tâche. Mtu anaweza kuyatembelea yote hayo kwa miguu kabla chai haijapoa. Zabibu ni za aina ileile, pinot noir, na mawe ya chokaa chini yake ni ya mteremko uleule, lakini unene wa udongo, kiasi cha mfinyanzi na namna maji yanavyopita hubadilika hatua kwa hatua, na majirani hao huuza divai tofauti kwa majina tofauti na kwa bei zilizoachana mno.

Sasa linganisha na Bordeaux, upande wa magharibi wa nchi. Huko jina liko kwenye jumba na biashara yake, yaani château. Mwenye château akinunua shamba la jirani ndani ya mipaka ya eneo lake, anaweza kuliingiza chini ya jina lake. Akiuza kipande, kipande kinaondoka bila jina. Bourgogne ni kinyume chake: ukimuuzia mtu mistari mitatu ya mizabibu ndani ya klima maarufu, anaondoka na mistari mitatu pamoja na haki ya kuandika jina la klima hiyo kwenye lebo yake. Kukata ardhi hakupunguzi jina. Ndiyo maana ardhi ya Bourgogne imekatwakatwa kuliko ya Bordeaux. Kila mrithi aliona kwamba kipande chake, hata kikiwa chembamba kama ushoroba, bado kina thamani kikisimama peke yake.

Mfano unaosemwa zaidi ni Clos de Vougeot, kilomita chache kutoka Vosne. Ni shamba la hekta 50 lililozungushiwa ukuta na watawa. Hadi 1889 lilikuwa la mwenye mmoja. Leo ndani ya ukuta uleule kuna wamiliki 80 hivi, wengine wakiwa na mistari michache tu. Divai zote zinaitwa Clos de Vougeot. Nyingine ni nzuri sana, nyingine za kawaida, na mnunuzi asiyemjua mkulima hana namna ya kuzitofautisha kwa kusoma jina la shamba.

Romanée-Conti pia ilianza kwa watawa. Priori ya Saint-Vivant, yaani nyumba ndogo ya watawa iliyokuwa chini ya abasia kuu ya Cluny, ilimiliki ardhi hapa kwa karne kadhaa, na jina lao limebaki kwenye klima ya jirani, Romanée-Saint-Vivant. Katika karne ya 17 shamba likawa la familia ya Croonembourg, na wakati wao ndipo jina la Romanée liliposhika. Mwaka 1760 likanunuliwa na Louis-François de Bourbon, mtu wa ukoo wa kifalme aliyeitwa Prince de Conti. Simulizi inasema alilinyakua mbele ya Madame de Pompadour, kipenzi cha mfalme Louis wa 15, aliyekuwa analitamani pia. Simulizi hiyo ni tamu lakini nisingeiapia. Kinachojulikana ni kwamba Conti aliiweka divai hiyo kwa ajili ya meza yake mwenyewe, ikatoweka sokoni. Yakaja Mapinduzi, mali za watu wa ukoo wa kifalme zikataifishwa, na shamba likauzwa kama mali ya taifa mwaka 1794. Jina la Conti likabaki limeshikamana na lile la Romanée, ingawa huyo Conti hakuwa nalo kwa zaidi ya maisha yake na ya mwanawe. Mwaka 1819 lilinunuliwa na Julien-Jules Ouvrard, na mwaka 1869 na Jacques-Marie Duvault-Blochet, mfanyabiashara wa divai kutoka Santenay. Moja ya familia mbili zinazolimiliki sasa inatokana na huyo Duvault-Blochet. Kwa hiyo hawakupewa shamba na mfalme. Babu yao alilinunua.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Kabla ya Mapinduzi, katika koo nyingi za kikabaila mtoto wa kwanza wa kiume ndiye aliyechukua sehemu kubwa ya ardhi. Mapinduzi yalifuta upendeleo huo, na Sheria ya Madai ya Napoléon ya 1804 ikasimika kanuni inayodumu hadi leo: watoto wote ni sawa mbele ya mirathi. Mzazi hawezi kumnyima mtoto kwa wosia. Mwenye mtoto mmoja lazima amwachie angalau nusu ya mali. Wakiwa wawili, theluthi mbili ni zao. Wakiwa watatu au zaidi, robo tatu ni zao kwa usawa, na mzazi ana uhuru wa robo iliyobaki tu. Ni sheria ya haki, na mimi siilaumu. Dada na wadogo wa huyo mtoto wa kwanza walioachwa mikono mitupu kwa karne nyingi walistahili fungu lao. Lakini kwa shamba dogo lenye jina kubwa, kila msiba ni hatari mpya.

Jirani wa Romanée-Conti aliionja hatari hiyo. Familia ya Liger-Belair ilikuwa na La Romanée na La Tâche, mashamba ambayo majirani wote waliyaonea wivu. Mama wa familia hiyo alifariki 1931 akiacha watoto kumi, baadhi yao hawajafikia umri wa kisheria. Kwa kuwa mtoto mdogo hawezi kutia saini makubaliano ya familia, na warithi wote hawakuwa na nia moja, mali ikabidi iuzwe mnadani. Mnada ulifanyika 1933. Wawili katika ukoo, mmoja wao akiwa padri, walifanikiwa kukomboa La Romanée na mashamba mengine machache. La Tâche iliwaponyoka. Aliyeichukua alikuwa Edmond Gaudin de Villaine, aliyekuwa akisimamia shamba la Romanée-Conti kwa niaba ya warithi wa Duvault-Blochet. Leo La Tâche, ikiwa imeunganishwa na ardhi ya kando ambayo tayari ilikuwa yao, ina hekta 6 na kidogo, na yote ni ya mmiliki mmoja.

Nadhani de Villaine alilisoma tukio lile vizuri, kwa sababu alikuwa upande wa mnunuzi na aliona jinsi nyumba ya jirani ilivyobomoka. Kwake pia mambo hayakuwa shwari. Miaka ile ya mdororo wa uchumi shamba lilikuwa likila fedha kuliko lilivyoingiza. Nusu ya mali ilikuwa ya mkewe. Nusu nyingine ilikuwa ya shemeji yake, Jacques Chambon, ambaye alitaka kutoka. Kama Chambon angedai fungu lake kwa ardhi, kamba ingepita katikati ya shamba na hadithi ingeishia hapo. Badala yake, mwaka 1942, katikati ya vita, nusu hiyo ilinunuliwa na Henri Leroy, mfanyabiashara wa divai wa kijiji cha Auxey-Duresses na rafiki wa de Villaine. Mwaka huohuo mashamba yote yakaingizwa kwenye kampuni ya kiraia iliyopewa jina la Domaine de la Romanée-Conti.

Hatua hiyo ya kisheria inaonekana kavu, na wengi wanaoandika kuhusu divai huiruka haraka warudi kwenye harufu ya waridi na viungo. Mimi naona ndiyo iliyoliokoa shamba. Tangu siku ile hakuna mtu wa ukoo wa de Villaine wala wa Leroy anayemiliki mwenyewe hata mzabibu mmoja wa shamba hilo. Ardhi ni ya kampuni. Watu wanamiliki hisa. Mzazi akifariki, watoto hugawana karatasi, na karatasi unaweza kuigawa mara kumi bila kugusa mpaka wa shamba. Na katika kampuni ya aina hii, kwa kawaida mwanahisa hawezi kumuuzia mtu wa nje bila ridhaa ya wenzake. Sheria ya mirathi inatimizwa kikamilifu, kila mtoto anapata fungu lake, na ukuta wa mawe unabaki pale ulipo.

Kwa hiyo tunaposema ni shamba la familia, tunasema nusu ya ukweli: ni la familia mbili, nusu kwa nusu, na kila upande huweka mkurugenzi wake. Mwaka 1974 walishika usukani Aubert de Villaine, mjukuu wa Edmond, na Lalou Bize-Leroy, binti wa Henri Leroy. Walifanya kazi pamoja karibu miaka 18, kisha wakatofautiana, na mwaka 1992 wanahisa walimwondoa Lalou kwenye ukurugenzi. Ulikuwa ugomvi mchungu, na dada yake mwenyewe alikuwa upande wa pili. Nafasi yake ilichukuliwa na mpwa wake Charles Roch, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka huohuo, kisha na Henry-Frédéric Roch, mdogo wake Charles.

Katika shamba lililogawanywa kwa kamba, ugomvi kama ule ungezaa mashamba mawili. Hapa Lalou alipoteza kiti, hisa zake hazikuguswa, na hakuna mstari wa mizabibu uliohama. Yeye akaendelea kujenga shamba lake mwenyewe, Domaine Leroy, palepale Vosne. Henry-Frédéric alipofariki 2018, aliyeingia kwenye kiti cha upande wa Leroy alikuwa Perrine Fenal, binti wa Lalou. Mama alitolewa mlangoni, na miaka 26 baadaye binti akaingia kwa mlango uleule. Aubert naye aling'atuka mwanzoni mwa 2022, akamwachia Bertrand de Villaine.

Si kila ukoo ulioshika karatasi ulipona. Château d'Yquem, shamba maarufu la divai tamu kusini mwa Bordeaux, liliingia mikononi mwa familia ya Lur-Saluces kwa ndoa mwaka 1785. Miaka 200 baadaye wanahisa wa ukoo walikuwa wengi, na wengi wao hawakuishi shambani wala kupata kikubwa kutoka kwake. Mwaka 1996 sehemu kubwa yao ilikubali kuiuzia LVMH, kampuni kubwa ya bidhaa za anasa. Alexandre de Lur Saluces, aliyekuwa akiliendesha, alipinga hadi 1999, akashindwa. Hisa zilikuwa zimelinda ardhi isikatwe, lakini hazikuweza kumzuia binamu anayetaka fedha zake. Romanée-Conti imesaidiwa na hali kwamba familia mbili zinaangaliana. Hakuna upande unaoweza kuuza kwa kunong'ona, kwa sababu upande wa pili uko palepale mezani.

Tishio la leo linatoka kwenye bei ya ardhi yenyewe. Hekta moja ya shamba la daraja la juu kabisa Bourgogne sasa huuzwa kwa wastani wa zaidi ya yuro milioni 6. Serikali inatoza kodi ya urithi kwa thamani hiyo ya sokoni. Mtoto anasamehewa yuro 100,000 za kwanza anazopokea kwa mzazi, kisha viwango hupanda ngazi kwa ngazi hadi asilimia 45. Upo mpango wa nafuu uitwao Dutreil, unaoondoa robo tatu ya thamani ya hisa kwenye hesabu ya kodi iwapo warithi wataahidi kutoziuza kwa miaka kadhaa na mmoja wao ataendelea kuiongoza biashara. Lakini mkulima wa kawaida wa Vosne, ambaye baba yake alipogoa hekta moja na nusu maisha yake yote bila kujiona tajiri, anajikuta na deni la kodi ambalo divai ya hekta moja na nusu haitalilipa kwa miaka mingi. Na ndugu zake waliohamia Paris au Lyon wanataka sehemu yao kwa fedha taslimu. Naiona hii kuwa dhuluma inayouma, kwa sababu anaadhibiwa kwa thamani ambayo hakuiumba wala hataki kuiuza.

Matokeo yake yanaonekana kijiji kwa kijiji. Clos des Lambrays ilinunuliwa na LVMH mwaka 2014. Clos de Tart, iliyowahi kuwa na wamiliki watatu tu tangu 1141, yaani watawa wa kike, familia ya Marey-Monge na familia ya Mommessin, iliuzwa 2017 kwa kundi la tajiri François Pinault.

Turudi kwenye ile chupa ya 1945, kwa kuwa nayo ni habari ya urithi wa namna nyingine. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mdudu mdogo kutoka Marekani, filoksera, alivamia mizizi ya mizabibu ya Ufaransa na kuiua karibu yote. Dawa iliyopatikana ilikuwa kubebesha: unachukua shina la mzabibu wa Kimarekani ambao mizizi yake humvumilia mdudu, unaubebesha kikonyo cha mzabibu wa Kifaransa. Karibu Bourgogne yote ikapandwa upya hivyo. Romanée-Conti walikataa. Walidunga kemikali ya salfidi ya kaboni ardhini mwaka baada ya mwaka, kazi ya gharama na ya hatari, ili mizabibu ya asili iendelee kusimama kwa mizizi yake. Walivumilia hivyo hadi vita vya pili vya dunia, kemikali ikaadimika na mikono ya kazi ikapungua. Mavuno ya 1945 yalitoa chupa 600 hivi tu. Baada ya hapo mizabibu ikang'olewa. Mwaka 1947 walipanda upya kwa vikonyo vya kutoka La Tâche, safari hii vikiwa vimebebeshwa. Kuanzia 1946 hadi 1951 haikutoka chupa hata moja yenye jina la Romanée-Conti. Ya kwanza ya mizabibu mipya ni ya 1952. Wenye shamba waliokuwa wamemaliza tu kununua nusu ya mali walikubali kukaa miaka sita bila mavuno ya shamba lao kuu.

Hata leo shamba halikamuliwi. Sheria inaruhusu msingi wa hektolita 35, yaani lita 3,500, kwa hekta kwa divai nyekundu za daraja hili, kiasi ambacho kingetoa chupa zaidi ya 8,000. Kwa kawaida wao hutoa 5,000 hadi 6,000. Dawa za viwandani ziliachwa tangu miaka ya 1980, na sehemu ya kulima hufanywa kwa farasi ili trekta lisishindilie udongo.

Kazi ninayoipenda kuisimulia ni ile ya majira ya baridi. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, lakini ya Bourgogne hulala kabisa, na mpogoaji huingia shambani wakati haina jani hata moja. Anapita mzabibu mmoja mmoja akiwa na mkasi, mgongo umepinda, huku akisukuma kitoroli cha chuma chenye moto ndani. Matawi aliyokata anayatupia humo na moshi mweupe unapanda kwenye baridi. Kila mzabibu anauachia vitu viwili tu. Cha kwanza ni tawi moja refu, litakalolazwa kwenye waya na kubeba zabibu za mwaka huu. Cha pili, chini yake, ni kijiti kifupi chenye macho mawili. Hicho anakichagua kwa uangalifu zaidi, anakigeuza, anatazama kimeelekea wapi, kwa sababu humo ndimo litakapochipua tawi ambalo mtu mwingine, au yeye mwenyewe akijaliwa, atakuja kulilaza kwenye waya mwakani.